Mkadi Uliokufa kwa Uzee

Siku ya kuniaga kazini, wakati Mwajuma anakata keki, Baraka aliniuliza kwa nini kona ya mashariki ya nyumba ya vioo haipandwi kitu mpaka leo. Nilimjibu kwamba keki ilikuwa tamu. Mbele yangu alikuwa amesimama Philippa, meneja wetu, na glasi yake ya juisi na tabasamu lake, nami sikutaka kuanza jambo ambalo ningelimaliza kwa kupiga kelele. Sasa nimestaafu. Nina meza yangu na chai yangu, na hakuna wa kuniambia nishushe sauti. Nawaandikia nyinyi wawili, vijana wangu mliobaki kazini, kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndiyo lugha tuliyokuwa tukisemezana pale, Mwajuma na Kimombasa chake, Baraka na Kiswahili cha Bukavu, mimi na cha Unguja, kila mmoja akiyacheka maneno ya mwenzake. Ya pili mtaiona mbele.

Habari za vyeo na mishahara naziruka. Vyeo sikupewa, na mishahara ya pale mnaijua.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, katikati ya majira ya baridi. Kabla ya hapo nilikuwa nafagia maofisi, na rafiki yangu mmoja wa kwenye usafi ndiye aliyeniambia kwamba bustani fulani ya umma huku kusini mwa Landani inatafuta mtu wa kufagia nyumba ya vioo. Nilikubali kwa sababu nilisikia mle ndani mna joto. Msinicheke. Mlikuja hapa mkiwa watoto, hamjui ilivyo kutua na viatu vya wazi mwezi wa Januari.

Aliyenipokea alikuwa msimamizi wa nyumba ya vioo, Fergal, mtu wa Ayalandi, mrefu, mwenye mikono iliyochanjwachanjwa na miba mpaka viwikoni. Alinipa overoli, ufagio na maelezo mafupi.

"Hapa kuna kazi tatu," alisema. "Maji, joto, na kufunga mlango. Wengi wanaoshindwa, wanashindwa hiyo ya tatu."

Akafungua mlango wa chumba cha ndani, tukaingia, akaufunga nyuma yangu. Nikasimama palepale. Harufu ilinipiga usoni, harufu ambayo mara ya mwisho niliisikia usiku wa harusi yangu, kwenye mashuka na kwenye nywele zangu mwenyewe. Nikaitafuta kwa macho. Pale konani, umesimama juu ya mizizi yake kama mtu aliyepandisha suruali avuke maji, ulikuwepo mkadi. Chini yake palikuwa na toroli la takataka, na ndani ya toroli, juu ya majani makavu, limetupwa ua lake.

Baraka, kwenu sijui kama upo, kwa hiyo nieleze. Mkadi una majani marefu yenye miba pembeni na mgongoni, ukiupita bila adabu unakuchana. Ule dume hutoa ua jeupe lililofunikwa na majani laini, na linanukia nyumba nzima. Wanawake wa kwetu huliweka katikati ya nguo kabatini, hulichanganya kwenye kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia cha kujipamba, pamoja na asumini na majani ya rehani, na kitanda cha bibi harusi bila mkadi kinakuwa kitanda tu. Ua hukatwa asubuhi kabla halijafunguka lote. Likishafunguka, limekwisha.

"Unalitupa?" nilimuuliza Fergal.

"Kila mwaka. Wageni wanalalamika kwamba linawaumiza vichwa."

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, na mtu wa siku ya kwanza hana mdomo. Lakini nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Nilimwomba nilichukue. Alinitazama, akaliokota yeye mwenyewe, akalifunga kwenye gazeti na kunipa. Tangu siku hiyo tulielewana.

Mbele ya mkadi kulikuwa na kibao cha shaba. Kilisema kwamba mti huu uligunduliwa na bwana mmoja Ambrose Kettlewick katika pori la Zanzibar, naye ndiye aliyeuleta hapa. Fergal alikuwa anajua maisha yote ya Kettlewick, akanisimulia kidogo kidogo tukiwa tunafanya kazi. Alikuwa mtoto wa muuza mishumaa. Alipanda meli akiwa msaidizi wa daktari, akashuka Unguja zama za masultani, akakaa masika mawili. Muda mwingi alikuwa mgonjwa wa homa, akibebwa kitini na watu ambao majina yao hakuyaandika popote. Akarudi na masanduku ya vioo yaliyojaa miche, akaandika kitabu kinene, akapewa nishani na malkia, akafuga ndevu mpaka kifuani, akafa kitandani kwake amezungukwa na watu waliomwita mwanasayansi mkubwa.

Mimi nilishindwa na neno moja tu, hilo la pori. Mkadi wa kunukia hauzururi porini ukimsubiri Mzungu auone. Watu hukata chipukizi lake, wakalipanda uwanjani mwa nyumba, karibu na kisima, mahali wanawake wanapoweza kuufikia asubuhi. Kwa hiyo palikuwa na uwanja, na uwanja ulikuwa na mwenyewe. Kama Kettlewick aliomba akapewa, au aliona akachukua, sijui, sikuwepo. Lakini kugundua hakugundua kitu. Kila asubuhi kwa miaka yote ile nilipita na kitambaa nikikifuta kile kibao, kwa sababu kusugua shaba ilikuwa sehemu ya kazi yangu, na kila asubuhi nilikitukana kimoyomoyo. Usoni kilikuwa kinang'aa sana.

Nimpe haki yake, kwa jambo moja. Fergal alisema kwamba kwenye safari ya kurudi, maji ya kunywa yalipopungua melini, Kettlewick aliugawia mkadi maji yake mwenyewe, na baridi ilipoanza alilifunika sanduku kwa blanketi lake akalala bila kujifunika. Mtu anaweza kuwa mwizi na bado akajua kutunza.

Ua la kila mwaka tangu hapo lilikuwa na mwenyewe. Kwenye mtaa wa Thamesmead, hukuhuku Landani, alikuwa akikaa, na bado anakaa, Bi Zuhura, mtu mzima wa Unguja aliyetoka kwao baada ya mapinduzi akiwa na mtoto mgongoni na bila kitu kingine. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza vikuba vya harusi zetu hapa Landani, kwa asumini ya kuhangaikia na mawaridi ya dukani. Nilipompelekea ua la kwanza alilishika kwa mikono miwili, akalitia usoni. Kisha akauliza, "Nani kakupa?" Nikamwambia, Muairishi. Akasema, "Mungu amzidishie." Basi kila mwaka Fergal alikuwa akilikata asubuhi, akilifunga kwenye gazeti, akisema mboji haitalia kwa kulikosa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Nataka mjue, kwa sababu siku hizi mnafundishwa kwa kompyuta. Vidung'ata, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani, wakiingia kwenye mkadi hujificha kwenye makwapa ya majani, na dawa ya kunyunyiza haiwafikii. Unavaa glavu ndefu za mafundi wa kuchomelea, unachukua kitambaa na maji ya sabuni, unafuta jani moja moja kutoka ndani kwenda nje. Ukifuta kutoka nje kwenda ndani, miba inakifunga kitambaa nawe unabaki umeshikwa mkono. Na asubuhi, kabla ya kuvua koti, Fergal alikuwa akiligusa bomba la joto kwa mgongo wa mkono. Alisema kiganja cha mtunza bustani kimekufa ganzi, mgongo wa mkono hausemi uongo. Mimi pia nikawa nafanya hivyo, na nyinyi mmeniona nikifanya.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, mkadi ulitoa chipukizi kwenye shina, likaanza kusukuma kioo. Fergal alikuwa karibu kustaafu. Alilikata vizuri pamoja na mizizi yake, akalitia kwenye ndoo, akaniambia nikalitupe kwenye mboji.

"Mboji ipi?" niliuliza.

"Nadhani iko Thamesmead," alisema, akaenda kuosha msumeno.

Nililipeleka kwa treni na basi. Kwenye basi liling'ang'ania koti la bwana mmoja, nikashuka naye kituo kimoja kabla ya changu ili tulinasue bila kugombana. Bi Zuhura aliliweka sebuleni, karibu na bomba la joto. Mnazijua zile fleti za zamani, joto linatoka mahali pamoja kwa mtaa mzima, huwezi kulipunguza, watu wanafungua madirisha Januari. Kwa binadamu ni adhabu. Mkadi ulijiona uko kwao.

Fergal akastaafu, na miaka michache baadaye akaja Philippa. Simsemi kwamba ni mtu mbaya. Alikuwa ananisalimia kwa jina, ananikumbuka sikukuu. Lakini alikuwa na mapenzi makubwa na watu waliokufa. Akaamua kwamba chumba kilichopakana na cha mkadi, tulichokuwa tukioteshea mbegu, kiwe Chumba cha Kettlewick. Ikaletwa sanamu ya kichwa chake na ndevu zake, kiti chake cha kubebewa, picha zake kubwa za ukutani, na meza za kunywea chai. Mbegu zikahamishiwa barazani, nyingi zikafa, hakuna aliyeuliza.

Wakati huohuo likaletwa boila jipya, mtambo wa kuyapasha moto yale mabomba, linaloendeshwa na kompyuta ya kampuni fulani iliyokuwa mbali. Boila hujua liwake au lizime kwa kusikiliza kipimajoto. Kipimajoto chetu siku zote kilikuwa ndani, karibu na mkadi. Fundi wetu akasema unyevunyevu wa mle unakiharibu, na Philippa akaagiza kihamishiwe kwenye ukuta wa Chumba cha Kettlewick, pakavu pale. Haihitaji shule kuliona kosa. Fundi mwenyewe aliliona, akasema, akaambiwa aweke. Na mimi nikasema.

"Salma, huu mfumo unajirekebisha wenyewe," Philippa alinijibu.

"Unarekebisha joto la wapi?"

"La jengo."

"Mkadi haukai kwenye jengo. Unakaa pale konani."

Alitikisa kichwa kwa huruma, kama unavyomtikisia mtu anayelilia kitu kidogo, akasema ameusikia wasiwasi wangu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anasema ameusikia wasiwasi wangu, najua limekwisha.

Mwaka huo binti yangu Rahma alikuwa anaolewa. Huyu ni mtoto aliyezaliwa hapa, ukimwambia njoo ule anakuelewa na anakujibu kwa Kiingereza. Alipokuwa mdogo, nikirudi nyumbani na harufu ya mkadi, alikuwa akiziba pua. Sasa ananipigia simu kazini, analitaka ua lilelile kwa harusi yake, ananiambia, "Mama, that flower from your work. Can I have it? Like Bibi Zuhura does it?" Nilimwambia nitaona. Nikaingia chooni nikalia, nikanawa uso, nikatoka. Ua lilikuwa linaanza kuchungulia juu kabisa ya mti. Kwa hesabu yangu lingekuwa tayari wiki ileile ya harusi.

Kisha ikaja sherehe ya kukifungua chumba. Ilikuwa Ijumaa jioni mwezi wa Januari, barafu imeshika nje tangu mchana. Philippa aliniomba nivae vazi la kwetu, nisimame mlangoni nipokee makoti ya wageni. Nilivaa overoli yangu, nikasimama mlangoni, nikapokea makoti. Wageni waliona chumba kina baridi, wakaletewa hita za umeme zile za kusukuma, na mishumaa kila meza, kwa kumbukumbu ya baba muuza mishumaa. Watu wakajaa, wakachangamka, wakaanza kupepea kwa makaratasi ya ratiba. Na kipimajoto kikawa ukutani juu ya vichwa vyao, kinasikiliza.

Hotuba zilipoanza niliingia chumba cha mkadi. Nikaligusa bomba kwa mgongo wa mkono. Lilikuwa baridi kama bomba la maji ya mtaani. Pumzi yangu ilionekana. Chumba cha boila kilikuwa na kufuli la kampuni, na simu ya kampuni ilipokewa na sauti ya mashine. Nikarudi, nikajipenyeza mpaka kwa Philippa, nikamnong'oneza. Jukwaani bwana mmoja alikuwa anaeleza jinsi Kettlewick alivyoupenda mmea huu kama mwanawe.

"Kesho, Salma," alisema bila kunitazama. "Tafadhali."

Nilirudi mlangoni. Mbele yangu makoti yalikuwa yamening'inia safu nzima, ya sufu, mazito, mengine ya manyoya. Sikufikiri sana. Nilianza na lile zito kuliko yote. Niliyabeba kwa mafungu, nikayatupia juu ya mkadi, nikayazungushia shina, nikapanda ngazi nikakifunika kichwa cha mti pale penye ua, nikalifunga kwa mikono ya koti la mtu kama mtoto anavyofungwa. Miba ikayashika vizuri. Kwa muda kidogo mti ulikuwa umevaa vizuri kuliko mimi.

Hotuba zikaisha, wageni wakataka kwenda kwao. Mnaweza kufikiri yaliyotokea. Wapo waliocheka, wakadhani ni sehemu ya sherehe. Wapo waliopiga mayowe walipoona nyuzi zimechomoka. Philippa alikuja mwekundu, akasimama juu yangu nikiyavua moja moja, nikiyanasua kwenye miba, nikiwakabidhi wenyewe. Niliwaambia wote, kwa Kiingereza chepesi kabisa, kwamba boila limezima na mti utakufa. Mama mmoja aliniambia anasikitika sana kusikia hivyo, huku ameninyooshea mkono nimpe koti lake. Nilimpa. La mwisho lilikuwa lile la juu, lililolifunika ua.

Nikaamriwa niende nyumbani. Mlinzi akafunga. Hita za Chumba cha Kettlewick hazikuzimwa na mtu, zikaendelea kuipasha moto sanamu ya ndevu Jumamosi nzima na Jumapili nzima, na kipimajoto kikawa kinaliambia boila lipumzike. Jumamosi asubuhi nilikwenda, nikakuta bustani imefungwa kwa ajili ya barafu, geti lina mnyororo. Nilimpigia Philippa mpaka simu yangu ikaisha chaji. Jumatatu nilipoingia, majani yalikuwa meusi, yamelegea, ukiyashika yanatoa maji. Mkadi hukulia kichwani. Kichwa kikifa, mti umekufa. Ua lilikuwa limeoza ndani ya majani yake.

Wageni waliandikiwa barua za kuombwa radhi kwa ajili ya makoti. Mimi niliandikiwa barua ya onyo, kwa ajili ya makoti hayohayo. Kuhusu mkadi, Philippa alitukusanya, akainamisha kichwa upande, akasema kwamba tumempoteza mkongwe wetu, kwamba baada ya maisha marefu hivyo umekufa kwa uzee. Kwa uzee! Mti uliokuwa unachanua! Nilifungua mdomo, fundi akanikanyaga mguu. Mimi ndiye niliyepewa msumeno wa kuukata. Niliukata. Kisha nikakifuta kibao, kama kawaida, na kwa mara ya kwanza sikumtukana Kettlewick. Yeye alilala na baridi ili mti usiipate. Hawa waliomsimamishia sanamu wangemwambia nini kama angefufuka? Angewafukuza wote kwa bakora.

Rahma aliolewa kwa kikuba cha asumini na rehani. "It's fine, Mama," aliniambia. Haikuwa fine. Bi Zuhura ndiye aliyekishona. Alipomaliza alisimama akaenda kuumwagilia mkadi wa kwake.

Sasa sababu ya pili. Kabla sijastaafu, Philippa aliniita ofisini, kuna mgeni alimwambia amesikia kwamba mti wa Kettlewick ulizaa na mtoto wake yuko kwa mama mmoja wa Kizanzibari. Alikuwa anang'aa kwa furaha. Alisema lingekuwa jambo zuri mno kuurudisha nyumbani.

"Nyumbani," nilisema.

"Nyumbani kwake. Kwenye kona yake. Tutaweka na kibao."

Nilimwambia nitaulizia. Siku hiyo nilikwenda Thamesmead. Mkadi wa Bi Zuhura umefika dari, umejikunja kidogo ukaendelea, na juu kabisa mwaka huu, kwa mara ya kwanza, umetoa ua. Lifti nzima inanukia. Nilimweleza Bi Zuhura wanachotaka. Alikaa, akanimiminia chai, akaniuliza tu, "Kule kwao, baridi wameshaifunga?" Nikamwambia kipimajoto bado kiko palepale ukutani. Akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake nilirudi kwa Philippa. Nilisimama mbele ya meza yake, nikainamisha kichwa upande.

"Nasikitika," nilimwambia. "Nao umekufa."

"Jamani! Umekufaje?"

"Kwa uzee."

Aliniamini. Alisema inasikitisha sana, akafungua jambo jingine kwenye kompyuta yake. Naye Kiswahili hasomi, wala hakuna mtu ofisini mwake anayekisoma, ndiyo maana nimewaandikia hivi. Rahma sasa ana mtoto wa kike, na Bi Zuhura ameshasema ua la harusi yake liko wapi. Njooni Thamesmead mwone wenyewe, karibuni siku yoyote. Ila mkiingia, fungeni mlango.